Geita 1958: Mseto Uliowashinda Wapishi



Niliposikia nimepangiwa mada ya mwaka wa ghasia katika nchi ya ubaguzi wa rangi, nilijua wengi wenu mngetarajia Sharpeville ya 1960 au Soweto ya 1976, kule Afrika Kusini. Naomba tubaki nyumbani. Mwaka wangu ni 1958, na mahali ni Geita, Tanganyika.

Nikiri mapema kwamba Tanganyika haikuwa Afrika Kusini. Ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza. Hata hivyo, serikali yake ilihesabu watu kwa rangi, na hesabu hiyo, chini ya Gavana Twining, iliitwa mseto. Kila mama hapa anaujua mseto: mchele ni mwingi, choroko ni za kiasi. Wa Twining ulikuwa na vipimo vyake. Tangu 1955, viti vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa kumi kwa Waafrika, kumi kwa Waasia, kumi kwa Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8; Wazungu hawakuzidi sana elfu 20.

Kosa la serikali lilikuwa kuushusha mpango huo hadi wilayani, Geita ikiwemo. Huko walikuwako Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutafuta ardhi ya pamba, wakakaa pamoja na Wazinza. Tayari walikuwa wamechoshwa na amri: lima kwa matuta, punguza mifugo, lipa ushuru. Matawi ya chama cha TANU Usukumani yalikuwa yamenyimwa kibali tangu mwishoni mwa 1954. Lakini Chama cha Ushirika cha Victoria, kilichoundwa 1955 chini ya Paul Bomani, kiliwazoesha wakulima kukutana, kuhesabu na kuhoji mizani. Mtu aliyezoea kubishana na karani wa pamba hashindwi kumhoji Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya.

Basi halmashauri ya wilaya ilipoletwa ikiwa na viti vya Wazungu na Waasia, watu hawakuuliza viti hivyo ni vingapi. Waliuliza vinatafuta nini. Hofu yao ilikuwa ardhi: leo kiti, kesho shamba. Wapo wanaoiona hofu hiyo kuwa ya watu wasioelewa. Mimi siioni hivyo. Habari za nyanda za walowezi wa Kenya zilikuwa zimeshavuka mpaka. Batemi, yaani watawala wa jadi, waliounga mkono mpango huo walipoteza heshima kwa watu wao, na katikati ya mwaka umati ukatoka Geita hadi Mwanza, ukapiga kambi ukitaka kusikilizwa na mkuu wa jimbo. Jibu lilikuwa polisi na mabomu ya machozi. Wengi walikamatwa.

Wakati huohuo, Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere, kiongozi wa TANU, alikuwa kizimbani kwa makala ya gazeti la Sauti ya TANU iliyowashutumu mabwana shauri wawili. Alitetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, akatiwa hatiani, akatozwa shilingi 3,000, yaani pauni 150. Kiasi hicho ndicho kipato cha mwaka kilichomstahilisha mtu kupiga kura katika uchaguzi wa kura tatu, yaani moja kwa kila rangi, kwa asiyekuwa na elimu ya darasa la nane wala cheo. Sidhani hakimu aliliwaza hilo.

Oktoba, Gavana mpya Turnbull alikubali kwamba serikali ijayo itakuwa ya Waafrika walio wengi. Halmashauri ya mseto ya Geita nayo haikudumu.

Kwetu Shinyanga, mwaka huo una jambo jingine. Dakta Williamson, mwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, alifariki Januari, na mgodi huo ukanunuliwa nusu na serikali, nusu na kampuni ya De Beers ya Afrika Kusini. Kwa hiyo wakulima wa Geita walipokuwa wakiikataa siasa ya rangi, fedha za nchi iliyoifanya siasa hiyo kuwa sheria zilikuwa zinaingia mlangoni kwetu. Juni 26, 1959, Nyerere alihutubia London mkutano ulioanzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini. Alipopanda jukwaa lile, mabomu ya Mwanza yalikuwa na takriban mwaka mmoja tu.

Ombi langu kwa walimu wa historia mliomo humu: kijana wa miaka 20 aliyetembea hadi Mwanza sasa amepita 85. Wapelekeni wanafunzi wenu kwake, na wakaulize pia ni akina mama gani waliopeleka chakula kambini.