Mtoto Wako Anacheza Gemu na Nani?

Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya ule mwanga wa simu unaowaka chini ya blanketi saa tano usiku, wakati wewe unadhani mtoto amelala.

Ukiishi hapa Isebania, unavijua vile vibanda ambamo vijana hulipa shilingi chache ili wacheze kandanda kwenye televisheni. Siku hizi kibanda kimehamia mfukoni. Chukua mfano wa gemu iitwayo Free Fire, iliyotolewa mwaka 2017. Wachezaji 50 hushushwa kwenye kisiwa, na mchezo huchukua kama dakika 10. Mtoto anaweza kucheza katika kikosi cha watu wanne. Mmoja yuko hapa, mwingine ng'ambo ya mpaka Sirare, wengine Kisumu au nchi ya mbali. Wanasikiana sauti wakicheza, wanaonyana, wanaokoana. Kisha wanaweza kuunda kundi lao lenye jina.

Mama, wewe una chama chako. Unajua ladha ya kukaa na wanawake wanaokuelewa. Basi lile kundi ni chama cha mtoto wako. Mara nyingi hafuati gemu peke yake, anafuata watu.

Mimi nilijifunza jambo hili nyumbani kwangu. Ninaishi na mtoto wa kaka yangu, mvulana wa miaka 13. Alama zake shuleni zilipoanguka, nilimnyang'anya simu nikaifungia kabatini. Nikajiona mlezi hodari. Baada ya wiki tatu nikamkuta nyuma ya nyumba, akicheza kwa simu aliyoazima kwa jirani. Nilitaka kumkaripia, lakini akaanza kulia. Akasema, "Shangazi, hao ndio marafiki zangu."

Kijana huyu ana kigugumizi. Shuleni wanamcheka. Kwenye gemu, wenzake wanamngoja amalize anachosema.

Tulipoendelea kuzungumza, akanieleza jambo lililonitia baridi. Mmoja wa wenzake alidai ana miaka 14, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mzima. Alimpa zawadi za almasi, zile wanazotumia ndani ya gemu. Baadaye akaomba picha akiwa bila nguo, kisha akataka wakutane mpakani. Mambo haya yalianza hata kabla sijachukua simu. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?" Akajibu, "Ungechukua simu."

Na kweli, niliichukua. Nilikuwa nimemfundisha kunyamaza.

Mama mpenzi, marafiki wa kwenye gemu wanaweza kuwa marafiki wa kweli. Huko Norwe aliishi kijana aliyeitwa Mats Steen, mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli. Alitumia miaka mingi kucheza gemu iitwayo World of Warcraft, na humo alijulikana kwa jina la Ibelin. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walihuzunika wakidhani aliishi bila marafiki. Walipotangaza kifo chake, barua zikamiminika kutoka kwa wenzake wa gemu, na baadhi yao wakasafiri kutoka nchi nyingine kuja kumzika. Lakini mlango ule ule unaoingiza rafiki huweza kuingiza mwizi wa watoto. Kwa hiyo kazi yetu ni kukaa karibu na mlango.

Tufanye nini basi?

Kwanza, keti na mtoto akicheza. Muulize majina ya wenzake, amewajulia wapi, na wanazungumza nini. Uliza kwa upole, kama unavyouliza habari za shule.

Pili, mpe ahadi hii: "Ukiniambia mtu amekuomba picha, au siri, au mkutane, sitakupiga wala sitakunyang'anya simu kwa sababu umesema." Kisha itimize ahadi hiyo.

Tatu, wekeni sheria za nyumba pamoja. Kazi za shule na za nyumbani zitangulie. Usiku simu ilale chumbani kwako. Namba yako ya siri ya M-Pesa isijulikane na mtoto, maana almasi zile hununuliwa kwa pesa halisi.

Nne, wadogo wasitulizwe kwa simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku.

Tano, jua dalili za ugonjwa. Shirika hilo limeuweka ugonjwa wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mtoto hawezi kujizuia. Gemu imeshinda chakula, usingizi, shule na watu wa nyumbani. Na anaendelea ingawa inamdhuru. Kwa kawaida hali hiyo huwa imeendelea kwa miezi 12. Watoto wengi wanaopenda gemu hawana ugonjwa huu. Ukiziona dalili, usingoje mwaka uishe. Njoo kituo cha afya tuzungumze.

Na kama mtu amemtongoza au kumtisha mtoto wako, usifute ujumbe. Huo ni ushahidi. Usimjibu mtu huyo, wala usiende kukutana naye. Piga simu 116, namba ya kuwasaidia watoto hapa Kenya, haina malipo. Ripoti pia polisi au kwa afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza kumdhulumu mtoto kupitia mtandao. Mtoto hana kosa. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, maana ataona haya.

Sisi tulimripoti yule mtu, tukamfungia njia. Kijana wangu bado anacheza, saa moja baada ya kazi za shule, pale sebuleni. Nami siku hizi nawajua wenzake kwa majina.

Leo jioni, kabla hujauliza "Utaacha lini hiyo simu?", uliza kwanza, "Unacheza na nani?" Kisha keti usikilize jibu.