Barabara Tulimpa, Kaburi Tukamnyima



Tukiwa hapa Shauri Moyo, yatupasa kuikumbuka tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Waingereza yalipoizingira Nairobi na kuwazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakatiwa vizuizini bila kushtakiwa. Njia za chakula, dawa na risasi kutoka mjini kwenda msituni zikakatika. Jemadari Dedan Kimathi, aliyepata kuwa mwalimu, akabaki Nyandarua na watu wenye njaa. Wala hawakuwa na kauli moja: Stanley Mathenge alilikataa Bunge la msituni lililomweka Kimathi juu. Naam, hata huko walikuwako wapinzani.

Alikamatwa 21 Oktoba 1956. Hakuhukumiwa kwa kuua mtu, bali kwa kupatikana na bastola, kosa ambalo sheria za hali ya hatari ziliruhusu liadhibiwe kwa kifo. Mkesha wa kunyongwa kwake Kamiti, 18 Februari 1957, alimwandikia Padre Marino wa Nyeri, akiomba mwanawe asomeshwe.

Uhuru ulipopatikana 1963, tulimpa barabara katikati ya jiji. Lakini marufuku ya mkoloni ya 1950 dhidi ya Mau Mau tuliiacha katika vitabu vya sheria hadi 2003. Kwa miaka 40 wazee waliokula kiapo walihesabiwa wanachama wa kundi haramu, chini ya bendera waliyoipigania!

Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 akingali anadai mabaki ya mumewe. Tunaitaka Serikali iwakabidhi watoto wake mabaki hayo, wayazike kwa sala.