Bao bila kamari


Eti mnataka mashindano ya bao hapa Upanga? Safi! Ila msianze na zawadi, anzeni na sheria. Kabla ya kila mchezo hesabuni kete: ziwe 64. Kila mchezaji ana mashimo 16. Anapanga kete 10, na 22 anabaki nazo za kunamua. Kila bao liwe na mwamuzi wake. Watazamaji, marufuku kumnong'oneza mchezaji!

Na pesa? Hapana! Mwenzetu mmoja aliwahi kuweka nauli yake. Akafungwa. Alikwenda kwa miguu mpaka Mbagala, giza likamkuta njiani. Tuliomshangilia aweke tulikuwa wengi, na mimi nikiwemo.

Ukifungwa bao, kete zinapangwa upya. Nauli je?