Aseniki: Dawa na Sumu

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kiitwacho aseniki. Asili yake ni ardhini, na mara nyingi hukaa pamoja na mawe yenye dhahabu au shaba. Unga wake mweupe waweza kudhaniwa kuwa sukari au unga wa ngano. Hauna harufu, wala ladha yake haimwonyi mtu. Kwa hiyo wauaji wa zamani waliupenda sana. Lakini tuwaache hao, tuseme habari za waganga.

Mwaka 1906 daktari Mdachi, Robert Koch, alifika visiwa vya Sese katika ziwa la Victoria, upande wa Uganda. Siku zile malale yalikuwa yakiwamaliza watu wa kandokando ya ziwa. Koch alikuwa na dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki, akawadunga wagonjwa zaidi ya elfu. Kwanza walipata nafuu, na vijidudu vya malale vikatoweka katika damu. Kisha vikarudi. Ndipo kipimo kilipozidishwa, na watu 22 wakapofuka, maana aseniki iliharibu mishipa ya macho. Sumu ile haikujua kumbagua kijidudu na mwenye mwili.

Hata hivyo aseniki haikuachwa, kwa kuwa malale yasipotibiwa huua. Mwaka 1949 ilitokea dawa nyingine ya aseniki, melasoprolo, iliyoweza kufika hata ubongoni. Iliokoa watu wengi. Lakini iliunguza mshipa ilipodungwa, na karibu watu 5 katika kila 100 walikufa kwa dawa yenyewe. Fikirini, mzazi ameketi na mtoto wake, naye lazima akubali sindano ya namna hiyo! Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishauri vidonge vya feksinidazoli, visivyo na aseniki, vitumiwe mahali pa sindano ile.

Wafugaji nao waliijua aseniki kwa njia ya josho. Tangu mwanzo wa karne ya 20 ng'ombe waliogeshwa katika maji yenye aseniki ili kuua kupe waletao ndigana. Kazi hiyo ilifaa sana, hata miaka ya 1930 kupe wa Afrika ya Kusini walipoanza kuizoea, na baadaye dawa nyingine zikashika mahali pake.

Basi, josho la aseniki limeachwa, lakini aseniki haiozi wala haiyeyuki ikatoweka. Hubaki katika udongo miaka mingi, nayo yaweza kushuka mpaka maji ya kisima. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua, sumu hubaki, na yale yaliyosalia huwa mabaya zaidi. Anywaye maji hayo kidogo kidogo haumwi leo. Baada ya miaka huota madoa mwilini, viganja na nyayo huwa ngumu, na mwisho yaweza kuja saratani ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu. Kipimo cha Shirika la Afya ni kwamba gramu 1 ya aseniki isipatikane katika maji pungufu ya lita 100,000.

Kwa hiyo mahali palipokuwa na josho la zamani tusichimbe kisima, tusilime mboga, wala tusichukue udongo wa kukandika nyumba. Na kama kisima kipo tayari karibu na hapo, maji yake yapelekwe kwa watu wa idara ya maji yapimwe, maana jicho na ulimi haviwezi kuyatambua.