Mama Aliyeogopa Zamu Yake

Mazungumzo ya redio. Masomo: Marko 5:25–34 na Luka 24:13–35

 Popote ulipo asubuhi hii, ikiwa uko jikoni unachochea moto, au uko njiani kwenda shambani, au umelala kitandani kwa ugonjwa, karibu tuketi pamoja kwa dakika chache. Leo nataka kusema na wale wanaoongoza vikundi vidogo vya kujifunza Biblia majumbani. Lakini hata wewe usiyeongoza kikundi, usizime redio yako. Huenda maneno haya yakawa yako kuliko yao.

Huku kwetu Kitale na Bungoma vikundi hivi ni vingi. Wengine hukutana Alhamisi jioni kabla ya kukamua ng'ombe, wengine Jumapili mchana baada ya ibada. Huwa watu kumi au kumi na wawili, viti vingine vimeazimwa kwa jirani, Biblia ni za Kiswahili na za Lubukusu, na mtoto amelala mgongoni mwa mamaye. Machoni pa watu ni jambo dogo. Lakini tusilidharau. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, watu wawili tu waliketi na Biblia. Mmoja alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, ambaye wakati ule alikuwa amechoka na kuvunjika moyo. Wa pili alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda. Kwa siku mbili walichunguza Maandiko juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Hapakuwa na jukwaa wala umati. Hata hivyo, wazee wetu wa Uamsho hukumbuka mkutano ule kila wanaposimulia habari za moto uliotoka Rwanda na Uganda ukaingia Kenya katika miaka ya 1930.

Basi, kikundi kidogo si kitu kidogo. Ndiyo maana nataka kuungama mbele yenu kosa nililolifanya ndani ya kikundi kidogo.

Nilipotoka chuo cha theolojia nilipewa kazi upande wa Kiminini, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye. Nilikuja na madaftari yangu yamejaa. Tulianza kusoma Injili ya Marko nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa. Utaratibu wangu ulikuwa rahisi: kila mtu asome mstari mmoja, zamu izunguke, halafu mimi nieleze. Niliupenda utaratibu huo. Nilijiambia kwamba hivi kila mtu anashiriki.

Alikuwako mama mmoja mjane, umri wake kama miaka sitini. Kila Alhamisi aliketi karibu na mlango. Na kila Alhamisi, zamu ilipokaribia kumfikia, alikumbuka jambo la nje: mara kuku, mara ndama, mara moto wa chai. Zamu ikishapita alirudi akaketi tena. Mimi nilidhani kwamba mama huyu hana utulivu wa moyo mbele ya Neno la Mungu.

Siku moja tulisoma Marko sura ya 5, habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Yule mama alipoinuka, nilimwambia kwa kucheka, mbele ya watu wote, "Mama, leo hutoki mpaka usome." Watu wakacheka pamoja nami. Mama akaketi. Akaifungua Biblia ya marehemu mumewe, akaiangalia. Kimya. Mjukuu wake, msichana wa shule ya msingi, akasogea karibu akaanza kumnong'oneza maneno, na bibi akayarudia moja moja mpaka mstari ukaisha. Mimi niliendelea na maelezo yangu kana kwamba hakuna lililotokea. Nilieleza vizuri sana siku ile, wapenzi. Nilitaja hata sheria za Walawi.

Alhamisi iliyofuata mama hakuja. Wala ile ya pili, wala ya tatu. Zilipita wiki saba kabla sijakwenda kumtembelea, na hilo nalo ni kosa.

Alinipokea kwa heshima, akanipa chai. Nikamwuliza, "Mama, mbona umeacha Neno la Mungu?" Akanijibu polepole, "Pasta, mimi sikuliacha Neno. Niliiacha zamu."

Sikuwa na la kusema. Kisha akaniambia, "Siku ile nilikuwa na swali, lakini halikupata nafasi. Yule mwanamke alikuwa amekwisha kupona. Alitaka kwenda zake kimya kimya. Kwa nini Yesu alimtafuta mpaka akajitokeza mbele ya watu?"

Ndugu msikilizaji, mama huyu hakujua kusoma, lakini alikuwa amelisikia somo mara moja tu, kwa sauti za watu kumi na mmoja zilizokatika katika kila mstari, na wiki saba baadaye alilishika lote. Aliliona swali ambalo mimi, pamoja na madaftari yangu, sikuwa nimeliona. Nikamwuliza yeye anafikiri nini. Akasema, "Watu walimkimbia miaka 12. Nafikiri Yesu alitaka wote wasikie akimwita binti." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Wewe uliniita, pasta, lakini hukuwa na neno la kunipa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu huku nikilia. Yesu alimwita mwanamke mbele ya watu ili amwondolee aibu. Mimi nilimwita mwanamke mbele ya watu, nikamwongezea aibu. Na nilifanya hivyo nikiwa nimeshika sura ile ile mkononi.

Fikirini pia jambo hili. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kwa Wakikuyu nako waliitwa athomi, maana yake ni ile ile. Kumwamini Kristo na kushika kitabu vilikwenda pamoja, na twamshukuru Mungu kwa shule ambazo wamisheni walizijenga. Lakini palikuwa na hatari ndani yake: mtu asiyejua kusoma akaanza kujiona Mkristo wa daraja la pili. Sivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mtume Paulo alipowaandikia Wakolosai aliagiza waraka wake usomwe kati yao, kisha usomwe na katika kanisa la Walaodikia (Wakolosai 4:16). Mmoja alisoma, kanisa zima likasikia. Na katika Warumi 10:17 atufundisha kwamba imani chanzo chake ni kusikia. Yule mama wa karibu na mlango aliketi mahali pale pale walipoketi Wakristo wengi wa kwanza.

Alhamisi iliyofuata niliungama mbele ya kikundi. Sikumtaja mama, nilitaja kosa langu. Tukabadilisha utaratibu. Leo nawapa viongozi wenzangu mambo manne niliyojifunza.

La kwanza, msiizungushe zamu ya kusoma. Mchagueni msomaji mmoja mapema, ajiandae nyumbani, alisome fungu lote kwa sauti, polepole. Kisha lisomwe mara ya pili, ikiwezekana kwa Lubukusu au kwa lugha ya nyumbani ya watu wenu. Wengine wafunge Biblia zao wasikilize. Baadaye mtu asimulie kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasikia, na wenzake wamwongezee alichosahau. Hapo mwenye kusoma na asiyesoma huwa sawa.

La pili, ulizeni kabla ya kueleza. Maswali matatu yatosha: Fungu hili lasema nini? Latuonyesha nini juu ya Mungu na juu yetu? Wiki hii tufanye nini? Ukishauliza, nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu ya kiongozi. Kimya kikiingia, sisi wachungaji huona kama nyumba inaungua, tukakimbilia kuzima kwa maneno. Mwacheni mtu afikiri. Mwenye kusema upesi huwa na neno, lakini mara nyingi mwenye kukawia ndiye mwenye mzigo.

La tatu, yasemwayo mle ndani yasitoke nje. Mtu akisema habari za mwanawe aliye jela, au za shamba linalogombaniwa na ndugu, kesho asiyasikie sokoni, wala asiyakute yameandikwa katika simu za watu. Kikundi kisichotunza siri kitabaki kusoma maneno tu, maana hakuna atakayethubutu kuleta maisha yake.

La nne, muandae mwingine wa kuongoza. Hapa hebu tuwatazame wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, katika Luka 24. Yesu aliwakaribia wakiwa wanatembea. Alijua yote yaliyotukia Yerusalemu, lakini alianza kwa kuwauliza wanazungumza nini. Aliwaacha waseme huzuni yao yote mpaka mwisho. Ndipo akawafunulia Maandiko. Walipofika kijijini alifanya kama anataka kuendelea mbele. Hakujilazimisha kwao, wao ndio waliomsihi akae. Na walipomtambua katika kuumega mkate, akatoweka machoni pao. Je, wale wawili walikaa wakilia kwamba mwalimu amekwenda? La. Waliondoka saa ile ile ya usiku, safari ya kilomita kama 11 kurudi Yerusalemu, mioyo yao ikiwaka. Njiani mwalimu hakuonekana pamoja nao, lakini Neno lilibaki linatembea ndani yao.

Hicho ndicho kipimo cha kiongozi wa kikundi, wapenzi. Usijipime kwa siku ulizofundisha vizuri. Jipime kwa kuuliza: nikiondoka, je, Neno litabaki likisemwa kinywani mwa watu hawa?

Nilihamishwa baadaye kutumika upande wa Bungoma. Mwaka jana nilikuwa na safari ya Kitale, na ilikuwa Alhamisi. Nikashuka Kiminini, nikatembea mpaka nyumba ile. Walikuwa wamekwisha anza. Sikutaka kuwakatiza, nikaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi, nacho ni kile cha karibu na mlango. Aliyeongoza alikuwa kijana fundi wa baiskeli. Fungu likasomwa mara mbili. Kisha kijana akauliza nani atalisimulia. Pakawa kimya kirefu, naye hakukijaza. Ndipo yule mama, ambaye sasa nywele zake zote ni nyeupe, na ambaye siku hizo huketi katikati ya chumba, akaanza kusimulia. Hakuruka jambo hata moja.

Mimi sikusema neno jioni ile mpaka nilipoombwa kufunga kwa sala. Sijapata kujifunza Biblia vizuri kuliko siku ile.

Ndugu msikilizaji, labda wewe ndiwe uketiye karibu na mlango, unayetoka nje zamu yako inapokaribia. Huenda si kusoma tu kunakokuaibisha. Huenda ni jambo la miaka 12. Bwana Yesu anakutafuta, na analo neno la kukupa. Na wewe kiongozi, wiki hii mtazame ni nani aliyeketi karibu na mlango. Usimwite kwa kucheka. Nenda kwake kwanza, unywe chai yake, umsikilize.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetembea na wenye huzuni ukasikiliza kabla ya kusema, utusamehe sisi tuliowaaibisha watoto wako kwa kitabu chako. Utufundishe kuuliza, kungoja na kunyamaza. Uwape sauti waliokaa kimya, na Neno lako likae kwa wingi katika nyumba zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mulembe, wapenzi. Kwa herini.