Haki ya Betri



Mtu wa Unguja aliyeishi ile miezi mitatu ya kiza, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale njia ya umeme itokayo Bara kwa chini ya bahari ilipopatwa na hitilafu, hana haja ya kuhubiriwa fadhila za umeme uliowekwa akiba nyumbani. Walakini akiba, iwe ya nafaka au ya umeme, ina adabu zake, na asiyezifuata aghlabu hulaumu chombo kwa taksiri iliyo yake mwenyewe. Jioni ya leo nataka kuzitaja adabu hizo, kwa kuwa naona betri nyingi zikitupwa ilhali zingaliweza kuishi miaka.

Kwanza ijulikane kwamba betri ya gari na betri ya sola, ingawa zafanana kwa umbo, hazikuundwa kwa kazi moja: ile ya gari ina mabamba membamba ya risasi, yanayotoa nguvu kubwa kwa nukta chache ili injini iwake, na hii ya sola ina mabamba manene, yenye subira ya kutoa kidogo kidogo usiku kucha.

Nyumbani kwangu nilifunga betri nne za sola, kila moja volti 12 na ampea-saa 100. Lau ningaliziunga kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti zingalijumlika zikawa 48 na ampea-saa zingalibaki 100. Lakini inveta yangu ilikuwa ya volti 12, basi nikaziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zikabaki 12 na ampea-saa zikawa 400. Hapo sikukosea. Nilikosea katika jambo dogo, kwamba nyaya mbili za kwenda kwenye inveta nilizitoa zote katika betri ya kwanza. Haukutimia mwaka wa pili, betri ile ikafa, nami nikadhani nimeuziwa mbovu, mpaka alipokuja fundi mmoja mtu mzima, akazitazama nyaya kitambo pasipo kugusa kitu, kisha akasema, “Bwana, hii ya mbele umeitwika mzigo wa zote.”

Maana yake ni hii: kila kipande cha waya, hata kiwe kinene, kina ukinzani wake, na umeme hupita zaidi penye njia fupi, kwa hiyo betri ya kwanza ndiyo iliyotoa zaidi usiku na kupokea zaidi mchana, na ile ya nne, iliyo mbali, ikawa haishibi sawasawa. Dawa, nayo ndiyo adabu ya kwanza, ni kuitoa chanya katika betri ya kwanza na hasi katika betri ya mwisho, ili kila moja iwe na masafa yaliyokaribiana na ya wenziwe. Kwa sababu iyo hiyo betri kuukuu haichanganywi na mpya, kwani iliyo dhaifu huzivuta nyingine chini.

Adabu ya pili ni ya kuchaji. Betri inapotoa umeme, mabamba yake huvikwa salfeti ya risasi, ambayo ikiwa bado changa hurejea kwa urahisi, lakini ikiachwa siku nyingi hugeuka vijiwe vigumu visivyoondoka tena. Mfano wa kujaza betri ni kujaza gunia la karafuu: mwanzo humimina upesi, lakini pishi za mwisho hazishuki ila kwa kutikisa taratibu. Chaja njema hupandisha hadi kiasi cha volti 14.4, ikashikilia hapo kwa saa kadhaa huku ampea zikipungua, ndipo ikashuka hadi karibu volti 13.5 za kuilinda shibe. Na wengi wetu tunaikata kabla ya saa hizo kwisha. Betri iliyoshiba na kupumzika huonyesha kama volti 12.7; ikifika 12.1 imebaki takriban nusu, na hapo yafaa kuacha kuitumia mpaka ichajiwe.

Fauka ya hayo, betri za maji hutoa hidrojeni zinapochajiwa, nayo hulipuka kwa cheche. Kwa hiyo ziwekwe penye hewa, si chini ya kitanda, na fyuzi iwe karibu nazo. Mabamba yasiachwe wazi, na yaongezwe maji safi ya betri, wala si ya bomba wala tindikali.

Ama mimi, nilinunua betri nne mpya, nikauhamisha waya mmoja wa hasi kutoka ya kwanza hadi ya nne, kazi isiyozidi robo saa. Ewe msikilizaji uliye na betri sambamba, kesho kukicha, kabla hujamlaumu muuzaji, tazama nyaya zako mbili zinatokea wapi. Zikiwa zote zatoka katika betri moja, zima kila kitu, uuhamishe mmoja, ili kila betri ipate haki yake.