Pumzi za Wafanyakazi wa Kinu: Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka 10 ya Chama, Kiwengwa



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuifikia siku hii. Miaka 10 iliyopita tulianza kwa hisa ndogo ndogo, tukiongozwa na methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Leo twaomba ruhusa kuitumia methali hiyo hiyo kwa jambo lisilofurahisha: mapafu nayo hujazwa haba na haba.

Tangu zamani mama zetu wa Kiwengwa walipika mafuta ya nazi uani. Walikuna, wakakamua tui, wakachemsha, na upepo wa bahari ukauchukua moshi. Sisi tulipopata kinu cha kukamulia mbata, chenye injini ya dizeli, tulikijengea chumba cha matofali chenye madirisha madogo kwa kuhofia wezi. Tulilinda mashine, tukawasahau waiendeshao. Sasa baadhi yao wanakohoa, na kupanda ngazi kwawachosha. Kosa hilo ni letu sisi wa kamati, nasi twalikiri mbele yenu.

Kinu hupata moto kwa msuguano, na injini kuukuu hutoa mafuta yake ya kulainishia kupitia tundu lake la kupumulia. Mafuta hayo huelea hewani kama ukungu. Matone makubwa hunaswa puani na kooni. Yaliyo madogo mno hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Chembe za ulinzi wa mwili huyameza, lakini mafuta ya mashine haziwezi kuyayeyusha. Yakizidi siku kwa siku, pafu huvimba, kisha huweza kufanya makovu, na pumzi ikapungua.

Wako watakaosema kwamba mafuta ya nazi twayala kila siku. Ni kweli, lakini njia ya chakula ni mbali na njia ya hewa. Mwaka 1925 daktari Laughlen alieleza maradhi ya mapafu yaliyotokana na mafuta yaliyotiwa puani kama dawa. Baadaye maradhi ya namna hiyo yalionekana kwa wafanyakazi waliovuta ukungu wa mafuta. Sheria ya Marekani yakataza ukungu wa mafuta ya madini kuzidi miligramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi.

Kwa hiyo, twauomba Mkutano Mkuu uidhinishe mambo manne kabla ya kugawa faida ya mwaka huu. Kwanza, injini itolewe nje ya chumba, na bomba la moshi pamoja na tundu lake zielekezwe mbali na watu. Pili, kuta mbili zifunguliwe na kutiwa nondo, ili upepo upite na mwizi asipite. Tatu, wafanyakazi wapokezane zamu, wala wasidhani kwamba leso puani yazuia ukungu huo. Nne, kila akohoaye apelekwe hospitali kwa gharama ya Chama, naye amweleze daktari kazi yake; kwani maradhi haya katika picha ya kifua huweza kudhaniwa kifua kikuu au nimonia nyingine.

Gawio la kila mmoja litapungua kidogo. Lakini hao wanaokohoa ni wanachama wenzetu, na faida tunayotaka kuigawa imetoka mikononi mwao.